Ploti ya Shangazi na Bahari ya Shamu

Shangazi yangu aliuza ploti yake ya Mai Mahiu mnamo Aprili 2018, kwa bei ambayo hadi leo hairuhusiwi kutajwa tukiwa mezani. Kilichomfanya auze ni video.

Kama ulikuwa na simu mwaka huo, unaikumbuka. Mvua kubwa za Machi zilifungua ufa mrefu kule upande wa Suswa, ukakata barabara ya kutoka Mai Mahiu kwenda Narok, na watu wakawa wanasimama ukingoni kupiga picha huku udongo bado unadondoka. Kufikia wiki ya pili picha hizo zilikuwa zimezunguka dunia nzima na kurudi kwetu zikiwa na maelezo mapya: ati Afrika inapasuka mara mbili. Kwenye grupu ya familia ikaja ramani ya bara lililokatwa kama mkate, maji ya samawati yamejaa pale katikati. Binamu yangu mmoja akaandika kwamba hatimaye Nakuru itapata bichi. Tulicheka. Shangazi hakucheka, kwa sababu ploti ilikuwa yake, na pesa za kuinunua zilikuwa za miaka tisa ya kuuza mboga.

Alinipigia simu jioni moja. "Wewe si ndiye ulisoma Jiografia? Haya maneno ni ya kweli?"

Nilikuwa chuoni, mwaka wa tatu. Bonde la Ufa nilikuwa nimelikariri tangu shule ya msingi, na mchoro wake ningeuchora nikiwa nimefumba macho: kuta mbili, sakafu katikati, mishale miwili inayovuta kila upande. Lakini hakuna mtihani ulionitaka niseme mishale hiyo inavuta kwa kasi gani. Nikamwambia, "Inawezekana, Shangazi. Wanasayansi ndio wamesema." Wiki iliyofuata akatokea broka mwenye haraka sana ya kumsaidia.

Hii insha ni jibu nililopaswa kumpa ile jioni. Nilipoanza kulitafuta, aibu ikiwa bado mbichi, nilidhani nitalikuta Suswa. Kumbe sehemu kubwa ya jibu ilikuwa chini ya bahari, zaidi ya kilomita 1,500 kaskazini kwetu.

Waswahili wanaiita Bahari ya Shamu, kwa jina la kale la nchi za upande wa Syria. Wengi wetu tulikutana nayo kanisani tukiwa wadogo, Musa na fimbo yake. Itazame sasa kwenye ramani kama mtu asiyeijua. Ni ndefu, zaidi ya kilomita 2,000, nyembamba, na imefungwa karibu kila upande. Kaskazini ingekuwa haina mlango kabisa kama si Mfereji wa Suez, ambao ni kazi ya mikono ya watu na ulifunguliwa 1869. Kusini mlango ni mmoja, Bab el Mandeb, wenye upana wa kilomita 30 hivi. Na mlango huo una kizingiti, kizingiti hasa: karibu na visiwa vya Hanish sakafu ya bahari inapanda hadi kina cha mita 137 tu, ilhali huko ndani kuna mashimo yanayozidi mita 2,000.

Hakuna mto wa kudumu unaomwaga maji humo. Jua nalo linakausha takriban mita 2 za maji kwa mwaka. Kwa hivyo bahari nzima inakunywa kupitia mlango ule mmoja: sehemu kubwa ya mwaka maji mepesi ya Ghuba ya Aden yanaingia juu juu, na maji mazito yaliyokolea chumvi yanatoka chini kwa kupanda kizingiti. Maji baridi ya vilindi vya Bahari Hindi hayawezi kuruka ukuta huo. Ndiyo maana, wakati katika bahari ya kawaida ukishuka mita 2,000 unakuta baridi ya nyuzi 3 au 4, ndani ya Bahari ya Shamu kina hicho kina joto la nyuzi 22 hivi. Shika hiyo namba 22, tutairudia.

Lakini mbona bahari iwe na umbo la namna hiyo, kama jeraha la kisu? Stori ya swali hili, kwa sehemu moja, inaanzia Kenya.

Machi 1888, Count Teleki, tajiri wa Hungaria, na Ludwig von Höhnel, luteni wa jeshi la majini la Austria, walifika kwenye ziwa ambalo El Molo na Waturkana walikuwa wanavua tangu jadi. Wakaliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wao. Vitabu vya shule viliandika kwamba "waligundua." Msafara wao uliongozwa njia na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani, mtu aliyeijua bara kuliko ramani yoyote iliyokuwapo, na mizigo ilikuwa juu ya vichwa vya wapagazi waliotoka pwani. Höhnel alichora ramani na kuokota mawe. Ramani na mawe vikafika Vienna, mezani pa Profesa Eduard Suess, ambaye Afrika Mashariki hakuwahi kuikanyaga.

Mwaka 1891 Suess akatoa maandishi kuhusu mipasuko ya Afrika ya mashariki. Aliunganisha vitu ambavyo watu walikuwa wanavitazama kimoja kimoja: mabonde ya huku kwetu, Ethiopia, Bahari ya Shamu, hadi Bahari ya Chumvi kule Palestina na kuendelea Syria. Alisema huo ni mfumo mmoja, ardhi imevutwa ikakatika. Miaka miwili baadaye Mwingereza John Walter Gregory akaja kuona kwa macho, akafika Baringo, na katika kitabu chake cha 1896 likakaa jina tunalolitumia hadi leo, Bonde la Ufa. Kwa hivyo mtu akikutumia "Afrika inapasuka" kama habari ya asubuhi hii, mwambie habari hiyo imechapishwa tangu enzi za babu wa babu yake, na mizigo ya utafiti wenyewe ilibebwa na watu waliokuwa wakizungumza Kiswahili.

Suess alikuwa na wazo, ila wazo la mtu aliyekaa mezani haliwezi kuonekana chini ya maji. Waaustria walituma meli yao, Pola, kati ya 1895 na 1898 kupima Bahari ya Shamu. Walipima sana. Lakini enzi hizo kupima kina ni kuteremsha uzito kwenye waya, kusubiri, kuupandisha, kusogea, kuanza upya. Sakafu ya bahari ukiijua kwa nukta chache namna hiyo ni kama kuijua Nairobi kwa kushuka kwenye stendi kumi za matatu.

Meli ninayoipenda katika hadithi hii ni nyingine. Inaitwa Mabahiss. Ilijengwa Uingereza kwa ajili ya Misri, meli ndogo ya mita 42 hivi, inayokula makaa ya mawe. Septemba 1933 ilitoka Alexandria na kurudi Mei 1934, na katikati ya hapo ilipita Bahari ya Shamu, ikazunguka Bahari Hindi ya kaskazini, ikatia nanga Mombasa na Unguja. Pesa zilikuwa za wasia wa John Murray, msomi wa bahari wa Uskoti, na mkuu wa msafara alikuwa Seymour Sewell. Mabaharia walikuwa Wamisri. Miongoni mwa wanasayansi walikuwapo Wamisri wawili: Abdel Fattah Mohamed, mkemia, na Hussein Faouzi, daktari ambaye baadaye aliandika kitabu akijiita Sindbad wa kisasa. Mimi humfikiria Faouzi akitembea Mombasa, Mwarabu mwenye shahada, ametoka kwenye meli ya utafiti, akiingia bandari ambayo majahazi ya Uarabuni yalikuwa yakija na kaskazi kwa mamia ya miaka bila kuhitaji mtu wa London kuwaambia upepo unavuma vipi.

Mabahiss ilikuwa na kifaa cha kupima kina kwa mwangwi. Unapiga sauti, unasikiliza inavyorudi, meli inaendelea kutembea. Katikati ya Bahari ya Arabu kuna mgongo wa milima chini ya maji ambao Wadenmark walikuwa wameuita Carlsberg, kwa heshima ya mfuko uliowalipia safari. Ndio, ile Carlsberg ya bia. Mabahiss ilipoupima ilikuta mgongo huo una bonde linalopita katikati, kama mfereji juu ya kichwa cha mlima. Mwaka 1937 Sewell na mwenzake Wiseman waliandika makala kuhusu sakafu ya Bahari ya Arabu, na humo wakalilinganisha bonde hilo na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki.

Nilisoma hilo mara tatu. Watu wako kwenye meli, chini yao ni kilomita kadhaa za maji, na umbo linalowajia akilini ni la Naivasha.

Walikuwa wameona jambo kubwa bila kuwa na jina lake. Sakafu ya bahari inatengenezwa kwenye mabonde kama hayo: ardhi inavutwa, inakatika, lava inapanda kujaza nafasi, inapoa, inavutwa tena. Ilichukua karibu miaka 30 zaidi kulithibitisha. Lava inapopoa hubeba alama ya usumaku wa dunia wa wakati ule, na usumaku huo hugeuka mara kwa mara katika muda mrefu. Kwa hivyo sakafu ya bahari ina milia, upande mmoja wa bonde ukifanana na wa pili. Makala maarufu ya Vine na Matthews ya 1963 iliyoeleza milia hii ilitumia vipimo kutoka kwenye mgongo ule ule wa Carlsberg. Mwaka uliofuata Drake na Girdler wakachapisha utafiti wao wa Bahari ya Shamu. Katikati ya bahari, kwenye mfereji wa kina, walikuta dalili za mwamba mpya wa volkano, si bara kuukuu lililozama. Bahari ya Shamu si shimo lililojaa maji. Ni bahari inayozaliwa.

Na haizaliwi kimya kimya. Mwaka 1948 meli ya Uswidi, Albatross, ikiwa njiani kumaliza mzunguko wa dunia, ilishusha vipimo katikati ya Bahari ya Shamu, kama mkabala na Jidda, na ikapata maji ya chini yaliyo moto na yenye chumvi kupita kiasi. Kidogo tu, ila si ile 22 niliyokuambia ushike. Karatasi zikawekwa. Ingekuwa rahisi kusema kipimo kimeharibika, na nadhani wengi wetu tungesema hivyo. Kisha katika miaka ya sitini meli za mataifa mengi zikapita hapo zikielekea kwenye utafiti mkubwa wa kimataifa wa Bahari Hindi, na kila moja ikashusha kamba yake pale pale. Mwaka 1964 meli ya Uingereza, Discovery, ikapata nyuzi 44. Mwaka 1965 Atlantis II ya Marekani, kwenye shimo la jirani, ikapata nyuzi 56. Mita 2,000 chini ya bahari, mahali pa giza tupu, kulikuwa na dimbwi la maji yanayoweza kukuunguza mkono, yenye chumvi mara saba hivi ya maji ya bahari.

Dimbwi ndani ya bahari. Hata mimi nilihitaji muda kulielewa. Fikiria sharubati nzito uliyoimwaga taratibu chini ya glasi ya maji: haichanganyiki, inatulia kule chini na ina uso wake. Chumvi ilitoka wapi? Mamilioni ya miaka iliyopita, bonde hili lilipokuwa changa, maji ya bahari yaliingia, yakafungiwa, yakakauka, yakaingia tena, yakakauka, hadi chumvi ikarundikana kwa unene wa kilomita nzima na zaidi katika sehemu nyingine. Mwaka 1972 meli ya kuchimba, Glomar Challenger, ilitoboa sakafu na kuikuta chumvi hiyo. Maji yanapenya kwenye nyufa, yanapashwa moto na mwamba mchanga wa volkano, yanayeyusha chumvi na madini, kisha yanatokea chini ya bahari yakiwa mazito mno kuweza kupanda. Ukiwa umewahi kufika Magadi na kuona chemchemi za moto zikitiririka kando ya magadi meupe, umeona kitu cha ukoo huo, kwa udogo na juani.

Mwaka 1966 meli nyingine ya Marekani, Chain, ilipandisha tope la humo ndani ya mabomba. Lilikuwa la rangi, tabaka juu ya tabaka, jeusi, jekundu, la manjano, kama vitambaa vya leso vilivyokunjwa. Ndani yake kulikuwa na chuma, zinki, shaba, fedha, hata dhahabu kidogo. Hapo wanasayansi hawakubaki peke yao tena. Mwaka 1974 Sudan na Saudi Arabia zilitia saini mkataba wa kugawana utajiri huo, na 1979 kampuni ya Ujerumani ikafanya jaribio la kuvuta tope kwa bomba refu la zaidi ya kilomita 2. Lilivutika. Lakini kuvuta tope ni jambo moja na kupata faida ni jingine, na hadi leo uchimbaji wa kibiashara haujaanza. Sisikitiki sana.

Mashimo hayo ya chini yalipewa majina ya meli: Atlantis II, Discovery, Chain, Albatross. Kaskazini kuna moja linaloitwa Mabahiss. Jumbe Kimemeta hana shimo.

Sasa, kasi. Arabia na Afrika zinaachana katika Bahari ya Shamu kwa kati ya milimita 10 na 16 hivi kwa mwaka, kusini zaidi kuliko kaskazini. Mvutano wenyewe ulianza zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, na sakafu halisi ya bahari kule kusini imekuwa ikitengenezwa kwa kama miaka milioni 5. Huku kwetu, Bonde la Ufa la Kenya linapanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka. Piga hesabu kwa milimita 3: mita moja itachukua zaidi ya miaka 330. Kucha za vidole vyako zinakua zaidi ya hivyo kwa mwezi.

Sitaki kusema kwamba hakuna kinachotokea. Kati ya Bahari ya Shamu na sisi kuna Afar, Ethiopia, ambapo nyufa tatu zinakutana. Huko ardhi imeshuka zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, na chumvi ambayo Waafar wanaikata vipande na kuisafirisha ni mabaki ya Bahari ya Shamu iliyowahi kuingia na kufungiwa nje tena. Septemba 2005, karibu na volkano ya Dabbahu, ardhi ya Afar ilifunguka kwa urefu wa kilomita 60 hivi, mahali pengine kwa upana wa hadi mita 8, katika muda wa siku na wiki. Milimita za miaka mingi zilikuwa zimejilimbikiza, zikalipwa kwa mkupuo. Hapo kweli bara lilikuwa linapasuka, na kwenye grupu yetu ya familia, kama ingekuwapo, nadhani hakuna ambaye angetuma kitu, maana si huku.

Mai Mahiu haikuwa hivyo. Wanajiolojia wengi waliofuatilia ule ufa wa 2018 walieleza kitu cha kawaida zaidi: majivu laini ya volkano, ya Longonot na Suswa, yaliyojaza nyufa za kale, na mvua kubwa iliyoyasomba kutoka chini hadi juu pakaporomoka. Mmomonyoko. Hasara yake ni ya kweli, barabara ilikatika kweli, watu walihama kweli. Lakini bahari haikuwa njiani. Chini ya udongo ule ule kuna joto ambalo tangu 1981 linatuwashia stima kutoka Olkaria, na kwa hilo hakuna aliyewahi kuuza ploti kwa hofu.

Mwaka jana tulikuwa tunaenda mazishini Narok, mimi na Shangazi, kwenye gari la kukodi. Pale ufa ulipokuwa pamejazwa mawe na murram, lami imerudi, hutajua kama huambiwi. Mbele kidogo akamwomba dereva apunguze. Kwenye iliyokuwa ploti yake kuna maduka manne na mtu anauza matikiti kwenye kivuli. Nikaamua kumwambia yote: meli, chumvi, dimbwi la moto, milimita.

"Milimita ngapi?"

"Tatu. Labda nne."

Akapima kwa kidole gumba na cha shahada, akaviangalia, akavisogeza karibu zaidi.

"Na hii ilijulikana lini?"

Nikamwambia ilikuwa imeandikwa kabla nimpokee simu ile jioni. Nyingine kabla hajazaliwa. Hakuniuliza kwa nini sikumwambia. Alisema dirisha langu lifungwe, vumbi linaingia, na akamwomba dereva asimame akirudi ili anunue tikiti.